Sina Siri, Nina Bei

Mwanamume akistaafu ualimu, chaki haistaafu naye. Mume wangu aliagwa na shule yake ya sekondari hapa Tanga kwa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wiki haijaisha, baraza letu la Ngamiani likawa na ubao, mabenchi na watoto wa kidato cha nne wanaohangaika na trigonometria. Mimi nauza vitenge chumba cha mbele. Mteja wangu anachagua rangi huku anasikia sine na kosine, na wapo waliotoka bila kitenge ila na jibu la swali la saba.

Biashara ya mtandaoni ilichipuka mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Watoto hawakuweza kuja, na Mwalimu hakuweza kunyamaza. Akaanza kujirekodi kwa simu na kuwatumia wazazi WhatsApp, bure. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, video zake zilikuwa zimeshafika Muheza, Korogwe na Pangani kwa kutumiwa mkono kwa mkono. Siku moja mzazi asiyetujua akapiga simu kuuliza kama zipo nyingine, na kama zipo, ni shilingi ngapi. Kuanzia hapo hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwangu.

Nilipoonyesha mashaka, Mwalimu alikuwa na mfano tayari. "Salman Khan wa Marekani alianza mwaka 2004, anamfundisha binamu yake hesabu kutoka mbali. Mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube. Leo nani asiyeijua Khan Academy?"

Binti yetu, aliyekuwa anasikiliza kwenye simu ya spika kutoka Dar, akachomekea, "Baba, wale hawauzi masomo. Wanaendeshwa kwa michango."

"Mchango nao ni pesa," akajibu Mwalimu, na mjadala ukafungwa.

Chumba chetu cha kulala kikawa studio. Godoro lilisimamishwa dirishani kuzuia kelele za bajaji, mimi nikawa nasinzia kwenye kiti. Bajaji zilizuilika, jogoo wa jirani hakuzuilika. Katika somo la logi anaitikia kila Mwalimu anapovuka alama ya sawasawa. Somo la Pythagoras lilikatika katikati kwa sababu umeme wa LUKU uliisha, na dada wa kazi akalaumiwa yeye na pasi yake. Kisha ukuta ukaonekana una ufa kwenye video. Bila kuniomba, Mwalimu akatoa kanga yangu sandukuni na kuitandaza nyuma yake. Ilikuwa ile ya "Sina siri nina jibu". Watoto walicheka, wakapiga picha za skrini, wakasambaziana. Sikuona tangazo lililofanya kazi vizuri kuliko hilo, na halikugharimu kitu isipokuwa kanga yangu kunuka vumbi la chaki.

Ikabaki kupata pa kuuzia. Hapo ndipo mpwa wa Mwalimu alipotokea na begi lake. "Mjomba, niachie mimi. Nitakujengea tovuti ya kimataifa." Alikuja kwa siku chache, akakaa mpaka tukaanza kupima mchele kwa kikombe. Kijana ana adabu, anaamkia asubuhi na jioni, na kompyuta ameijua kweli. Tatizo lake lilikuwa moja: alitaka kuonyesha yote anayoyajua kwa mpigo.

Tovuti ilipokamilika tuliitwa sebuleni kuizindua. Ukiifungua, kwanza skrini inakuwa nyeusi. Halafu dunia inatokea, inazunguka. Halafu anakuja Mwalimu ndani ya suti aliyonioa nayo, amejaza skrini nzima. Chini yake maandishi ya njano juu ya weupe yanasimulia maisha yake tangu darasa la kwanza. Muziki wa taarabu, fidla na qanuni, unaanza wenyewe. Nikauliza masomo yako wapi. Kijana akashuka, akashuka, akafika kwenye kitufe kidogo kilichoandikwa "Gundua Safari Yako". "Yako humo, Anti."

Nikauliza bei iko wapi. Bei ilikuwa ndani zaidi, baada ya kujisajili. Na fomu ya kujisajili ilitaka jina kamili, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, kata, kazi ya mzazi na namba ya kitambulisho cha taifa. Mtoto anayetaka somo la logi la shilingi elfu mbili aliulizwa mambo ambayo mimi sikuulizwa siku naposwa.

Mkasa wa kwanza ulitokea matangani. Jirani yetu, mama wa kijana wa kidato cha nne, alikuwa amekaa mkekani msibani. Akamwonyesha mwenzake kwa kunong'ona kwamba Mwalimu sasa ana tovuti, akagusa kiungo. Qanuni ikalia katikati ya dua. Alihangaika kuzima, dunia inazunguka tu, kitufe cha kuzimia hakipo. Ilibidi akalie simu. Jioni alikuja kwangu, hakukaa, akasema, "Mwambie Mwalimu nampenda, lakini leo amenivua nguo mbele za watu."

Mkasa wa pili ulikuwa wa bando. Mpwa alikuwa ameweka picha sita kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti kadhaa. Kwenye kompyuta yake, palipo na mtandao mzuri, zilifunguka haraka. Kwenye simu ya mzazi wa Pangani mwenye kifurushi cha siku, kila picha ya suti ililipiwa na yeye mwenyewe, kabla hajaona hata swali moja la hesabu. Mwaka 2016 Google walitoa takwimu kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaofungua tovuti kwa simu huondoka ikichelewa kupita sekunde tatu. Yetu ilihitaji uvumilivu wa kusubiri maharage.

Mkasa wa tatu ukanikuta mimi. Namba iliyowekwa chini ya tovuti ilikuwa ya dukani, yaani yangu. Wazazi wakaanza kupiga: alfajiri, wakati wa chakula, mteja akiwa ameshika kitenge mkononi. "Shikamoo mama. Samahani, nalipia wapi?" "Mama, hili somo ni la kidato cha pili au cha nne?" Dada wa kazi alichoka kukumbuka, akaanza kuyaandika maswali nyuma ya daftari langu la madeni. Simu zikawa nyingi kuliko mauzo. Mauzo yenyewe yalikuwa ya wale niliowaelekeza kwa mdomo mpaka mwisho, kwa hiyo tovuti ilikuwa inaniuzia kazi badala ya kuuza masomo.

Binti yetu alikuja likizo. Kazi yake Dar ni kupanga kurasa za vitabu kwa wachapaji: picha ikae wapi, kichwa kiwe na ukubwa gani, mtoto asipotee njiani. Alifungua tovuti, akaifunga, akaomba daftari la madeni. Akayasoma yale maswali yote na kuyapanga makundi. Hili ni la nani? Bei gani? Naweza kuona kidogo kwanza? Nalipaje? Nikilipa, video inakuja vipi? Simu ikifuta, napata tena? Akageuza daftari tulione. "Hii hapa ndiyo tovuti. Wateja wameshaichora. Kila simu aliyopokea Mama ni sehemu ambayo ukurasa ulikaa kimya."

Mpwa akajitetea kwamba dunia inayozunguka ndiyo usasa. Mwalimu akamuunga mkono kwa sababu ya suti. Binti hakubishana nao. Alitoka barazani, akasimama mbele ya ubao wa baba yake.

Ubao wa Mwalimu unasifika mji mzima. Juu tarehe na mada. Kushoto mfano mmoja, umefanywa mpaka mwisho. Katikati hatua, kila moja kwenye mstari wake. Kulia zoezi. Herufi zinasomeka kutoka benchi la nyuma, na hakuna kinachobaki ubaoni kisichohusu somo la siku hiyo. Mwaka mmoja alimfutia mwalimu mwenzake ubao mzima kwa sababu alichora maua pembeni.

"Baba," akasema, "ungeingia darasani ukakuta ubao una dunia inayozunguka, wasifu wa mwalimu na fidla, halafu zoezi limefichwa nyuma ya mlango, ungefanyaje?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ningefuta," akasema.

Ukarabati haukuanza na kompyuta. Binti alieleza kwamba Jakob Nielsen, Mdenmark anayejulikana sana katika utafiti wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kuwa ukijaribu na watu watano tu utayaona matatizo mengi. Watano hawakuwa shida mtaani kwetu: jirani wa matangani, fundi baiskeli, mwanafunzi mmoja, mama muuza samaki, na bibi anayelipia masomo ya mjukuu. Kila mmoja alikuja na simu yake na bando lake, akaambiwa anunue somo moja, na sisi tukakatazwa kusema neno. Kunyamaza kulimshinda Mwalimu. Bibi alipogusa picha ya suti akidhani ni kitufe, alisikika kutoka nyuma ya pazia: "Chini! Chini kulia!" Akatumwa sokoni kununua nazi, na zoezi likaendelea kwa amani.

Fundi baiskeli aligusa kitufe kidogo mara nyingi bila kukipata, kwa vidole vyake vilivyokomaa kwa spana. Mpwa, ambaye alikuwa amenuna, hapo akachangamka. Alikumbuka somo la chuoni: Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono unategemea umbali wake na ukubwa wake. "Basi kitufe kiwe kikubwa na kiwe karibu na bei," akasema. Tangu hapo kijana alifanya kazi kwa moyo, na chakula chake sikukipima tena.

Ukurasa mpya haukuwa na maajabu. Juu kabisa: "Hisabati ya Kidato cha Nne, hatua kwa hatua." Chini yake somo moja la bure, lile la logi, jogoo akiwemo, ili mzazi amsikie Mwalimu kabla ya kutoa pesa. Halafu orodha ya mada, na kila mada ina bei yake mbele ya macho. Kitufe kimoja: "Nunua somo hili." Maandishi meusi juu ya weupe. Mwalimu yupo, ila amesimama ubaoni mbele ya kanga, picha imepunguzwa uzito mpaka inafunguka kabla hujasema bismillahi. Fomu yote ikawa namba ya simu tu. Binti alimkumbusha mpwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kukusanya vitambulisho vya watoto wa watu bila sababu ni kujitafutia balaa. Ukiandika namba yako, ombi la malipo linakutokea kwenye simu, unaweka namba ya siri, na ujumbe wenye kiungo cha somo unakufikia. Ukikipoteza, unaandika namba ileile na kiungo kinarudi.

Bado kulikuwa na ugumu mmoja. Biashara yenye leseni na namba ya mlipakodi nyumbani kwetu ni moja tu, ya vitenge. Malipo yakasajiliwa kwa jina hilo. Mzazi wa kwanza akafika hatua ya mwisho, akaona anaombwa alipe duka la vitenge kwa ajili ya trigonometria, akaghairi na kupiga simu kuuliza kama Mwalimu ametapeliwa. Kwa mtu ambaye ameshatumiwa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hofu hiyo ni akili. Binti aliongeza mstari mmoja juu ya kitufe: "Jina litakalotokea ni la duka la mke wa Mwalimu, Ngamiani." Mstari huo haukuhitaji ufundi wowote, na ndio uliofungua mkono wa wazazi. Watu hawakuogopa bei, waliogopa jina wasilolitegemea.

Masomo hayakubadilika hata moja. Mwalimu ni yuleyule, na Pythagoras bado anakatika LUKU inapoisha, mpaka leo hajarekodiwa upya. Kilichobadilika ni kwamba mzazi wa Korogwe anafika kwenye somo bila kumuuliza mtu njia. Simu za dukani zimepungua, na wanaopiga sasa wanauliza kama kuna fizikia.

Mwalimu amekuwa mkali wa tovuti za watu. Anakagua za shule na za hoteli, anazipa maksi, na nyingi zinafeli kwa kuficha bei. Lakini pesa zikiingia, mlio unalia kwenye simu yangu, dukani kwangu, kwa jina langu. Kila Ijumaa anakuja mbele ya meza ya vitenge na daftari, anataja masomo yaliyouzwa. Mimi natoa gharama kwanza: bando, LUKU, kanga moja, na usingizi wa kwenye kiti. Juzi alilalamika kwamba makato hayakuandikwa mahali popote anapoweza kuyaona. Nikamwambia ana haki, na nikayaandika kwa herufi kubwa juu ya meza, pamoja na bei ya godoro jipya.