Kumsifu Bakteria

Imekuwa ada ya wenye kalamu kumsifu simba kwa ushujaa na nyuki kwa bidii, na ada hiyo, nionavyo, imemdhulumu kiumbe ambaye kwa umri, kwa subira na kwa ukarimu amewapita wote wawili. Namkusudia bakteria, aliyekuwapo duniani dahari nyingi kabla ya mwanadamu, asitake kutambuliwa, mpaka katika karne ya 17 Leeuwenhoek, muuza nguo wa Delft, Uholanzi, alipomwona kwa kioo alichokisugua kwa mikono yake.

Tazama kwanza ukinaifu wake. Mwili wake wote ni seli moja isiyo na kiini. Hajui mahari wala arusi, bali akitaka kizazi hujigawa nusu kwa nusu, na jamii yake moja, E. koli, ikipata joto na chakula cha kutosha, hufanya hivyo kila dakika 20 hivi, hata mmoja aliyeingia mchuzini alasiri, mambo yakimnyokea, baada ya saa 7 amekuwa umma unaozidi milioni 2. Wala si kila bakteria ni hasidi: wamo wagandishao maziwa yakawa mtindi, na streptomaisini, dawa iliyokiweza kifua kikuu, iliyopatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, ilitoka kwa bakteria wa udongoni, kwa hiyo hata silaha ya kumwulia tumeiazima kwake.

Lakini fahari yake kubwa ni ustahimilivu. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona kuvu iliyoota katika kisahani cha maabara ikiwaangamiza bakteria waliokuwa kandokando yake, na humo ikatoka penisilini, dawa yenye insafu ya ajabu, kwani humzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake, na seli ya mwanadamu, kwa kuwa haina ukuta, husalimika. Mwingine angalisalimu amri. Yeye, mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijawafikia wagonjwa, alikwisha kuonwa na wataalamu wa Oxford akitoa kimeng'enya cha kuivunja. Na methisilini, iliyoletwa mwaka 1959 ili kumtia adabu, kufikia mwaka 1961 ilikuwa imekwisha kupata wa kuidharau.

Na elimu hiyo haifichi. Siri ya kuishinda dawa huichukua katika kipete kidogo cha urithi, akampa nakala jirani yake, hata asiye wa jamii yake, bila ya ada wala kiapo. Waganga wangapi wa kwetu wana ukarimu huo?

Haki yadai tumtaje pia mhisani wake, ambaye ni sisi. Fleming, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi haba, isiyotosha kuwaua bakteria, huwafunza kuistahimili dawa. Nasi, kwa hisani isiyo kifani, twaimeza dawa hiyo kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na dawa haiyagusi, na homa ikipungua twaiacha kabla ya siku alizotuwekea tabibu. Basi atakaye kumtukuza bakteria hana haja ya kutunga kasida: na anunue vidonge pasipo cheti, ameze viwili vitatu, na vilivyosalia amwekee jirani.