Painti Sabini za Shemeji

Sisi tuliozaliwa Tanga unyevu hatukuuona kuwa ni ugonjwa. Chumvi ikiganda koponi unaligonga kopo, nguo zikivunda kabatini unazitoa juani, siku inakwenda. Leo niko Ohio natoa fedha halali kununua mashine ya kukamua maji hewani.

Nyumba za huku zina besimenti, chumba kizima chini ya ardhi, na kila kiangazi yetu hunuka kama kanga mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Kipima unyevu, kidude cha bei rahisi kabisa, kikasoma asilimia 72. Inatakiwa isizidi 50. Ukivuka 60 umeshawakaribisha kuvu. Mama watoto akatoa hukumu: mashine inunuliwe. Mimi nani nibishe? Ila ya ukubwa gani?

Hapo ndipo kichwa kinapouma. Boksi la kwanza dukani limeandikwa 22, la pili 35, la tatu 50. Hizo ni painti za maji kwa siku. Chini yake, kwa herufi za kampeni: futi 4,500 za mraba! Nyumba yetu, hata ukiikunjua yote ukaitandaza uwanjani, haifiki huko. Na hakuna boksi linalouliza la maana: ukuta wako unanuka tu, unatoka jasho, au sakafu ina dimbwi?

Nikampigia shemeji, mjuzi wa kila kitu.

“Shem, hivyo vya 50 ni vya kuchezea watoto. Mimi nina ya painti 70!”

Kumbe ya kwake ni ya zamani. Hadi 2019 mashine hizi zilipimwa kwenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi, hewa nzito ya kujikamua yenyewe. Besimenti gani ina joto hilo? Serikali ya Marekani ikaamuru zipimwe kwenye nyuzi 18, na namba zote zikanywea. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba sabini yake leo ingeandikwa hamsini. Akanyamaza, kisha akasema mtandao unasumbua.

Mama mdogo, aliyekuja kututembelea, yeye alitaka madirisha yafunguliwe, hewa ipite. Ukimtii mchana wa Julai, hewa ya moto inaingia, inagusa ukuta wa baridi, na ukuta unalia machozi. Lakini nani atambishia mama mdogo? Tukawa tunayafunga akilala.

Jirani yetu, mzee wa Kimarekani asiye na maneno mengi, hata habari ya mashine hakuiuliza. Alizunguka nje, akaonyesha bomba la mfereji wa paa linalomwaga maji chini ya ukuta, akaenda zake. Mvua ya inchi moja juu ya paa la futi 1,000 za mraba ni zaidi ya lita 2,300. Mashine ya 50, ikikaza kweli, hutoa lita 24 kwa siku. Basi mimi na koleo na kipande cha bomba, Jumamosi nzima, jua la utosi, shemeji akinielekeza kwa simu.

Mashine tukachukua ya 50, maana kubwa hukausha upesi ikapumzika, ndogo hunguruma usiku kucha. Jambo ambalo muuzaji hakulitaja ni ndoo: inaingia lita sita hivi, ikijaa mashine inazima, na mbebaji wa kupanda nayo ngazi, kwa makubaliano ambayo sikuitwa kwenye kikao chake, ni baba. Nikafunga mpira hadi kwenye tundu la maji sakafuni. Tundu lenyewe lilikuwa nyuma ya maboksi yote tunayomiliki.

Sasa kipimo kinasoma 48. Shemeji kapata habari, anauliza kama anaweza kuleta masanduku yake kwetu. Nikamuuliza, kwani besimenti yake, yenye painti 70, ina nini?

“Shem, kule kuna unyevu.”