Mhadhara wa Pekee Kuhusu Steve Tikolo (na Mchango Wangu)

Waheshimiwa, wazee wangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama wenye safari: nimeombwa nizungumzie maisha na heshima ya Steve Tikolo, nahodha wa zamani wa Kenya aliyegeuka kocha. Nani kaniomba? Swali la kitoto. Mwenye elimu hujiomba mwenyewe.

Kwanza, sifa zangu. Kriketi ya Nairobi nimeitazama tangu enzi na enzi. Msomi wa kweli hakai juani, hivyo kumbukumbu zangu nyingi ni za mezani, penye sambusa. Sambusa ziko za nyama, ziko za ndengu, nami nina nadharia kuhusu pilipili... Basi, tuiache, haiwafai wenye akili changa.

Februari 24, 2003, Kombe la Dunia. Sri Lanka wamekuja Nairobi, Kenya wamepata mikimbio 210. Kwa sauti iliyofika meza ya tatu nikatangaza: "Mchezo umekwisha!" Nikaenda zangu nyumbani kuikwepa foleni ya magari. Na kweli ulikwisha. Collins Obuya aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 24, Kenya wakashinda kwa 53. Mshindi sikumtaja. Wanaodai nilimtaja, na hasa wanaonidai pesa za dau, hawajui kusikiliza.

Timu hiyo ya Tikolo ikafika nusu fainali huko Durban, na hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Testi iliyofika hapo katika Kombe la Dunia la ova 50. India wakawashinda kwa mikimbio 91. Tikolo alipata 56, nyingi kuliko Mkenya mwingine yeyote siku ile. Angenisikiliza, angepata 57.

Kuna wanaonitajia Kuala Lumpur, fainali ya Kombe la ICC, 1997: Tikolo peke yake 147, katika 241 za Kenya. Mvua ikanyesha, hesabu zikapangwa upya, Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho. Mwaka 2000 wakapewa hadhi ya Testi. Kenya ingali inaisubiri. Kosa la nani? Mimi nilishauri, nikiwa Nairobi, wabebe miavuli.

Sasa ukocha. Bwana huyu amefundisha Uganda, akafundisha na Tanzania. Mtu aliyecheza Kombe la Dunia mara tano, 1996 hadi 2011, ndiye anayewaonyesha vijana namna ya kushika gongo! Nauliza, kucheza kunamsaidiaje kocha? Kunamchafua. Mimi sijawahi kuguswa na mpira, ndiyo maana mawazo yangu ni safi. Kazi sikuomba popote. Niliandika barua tu, kueleza kwamba nikiombwa sitakataa. Hawajajibu, nadhani wanaona haya.

Kuhusu heshima yake kama kocha, niliandaa kurasa kumi na mbili. Kumi na moja zilinihusu mimi, ambazo mmekwisha kuzifaidi. Ya mwisho nimefungia sambusa.

Maswali? Naam, binti wa pale nyuma. Ova moja ina mipira mingapi?

Inategemea mvua, binti yangu. Inategemea sana mvua.