Mgonjwa wa Mtaa Mzima

Mwaka jana, masika yakiishia, homa ya kupe ilimwangusha Bobi. Fizi zilipauka, mkojo ukawa rangi ya kahawa, na mbwa aliyelinda mikorosho yetu hapa Newala dhidi ya ngedere tangu watoto hawajaanza shule akashindwa hata kuinua kichwa. Tulimteremsha Masasi kwa daktari wa mifugo. Akamdunga berenili, akatuagiza tumlishe kidogo kidogo, ila mara nyingi.

Alipopata nafuu, mama mkwe alimchukua awe wake. Asubuhi uji, mchana dagaa, jioni ugali wa muhogo, usiku kiporo. Nilipomwomba apunguze, alinijibu, "Mwanangu, aliyerudi kutoka kaburini hanyimwi chakula." Ningesema nini? Yeye ndiye aliyekesha akimnywesha maji kwa kijiko. Lakini misuli iliyoliwa na homa hairudi kwa ugali. Mbwa mzee asiyekimbia tena hujaa mafuta, na mzigo wote huangukia nyonga zilizochoka.

Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, tukasikia kilio alfajiri nyuma ya choo. Bobi amekwama kwenye pengo la uzio wa mianzi, pengo alilopitia miaka yote. Kichwa kiko kwa jirani, makalio yako kwetu. Shemeji akavuta, mianzi ikazidi kumbana. Ikabidi tukate fito kwa panga, huku mama mkwe amezunguka upande wa pili, amemshika masikio, anambembeleza kwa Kimakonde.

Tukampeleka moja kwa moja kwenye mizani ya korosho. Shemeji akapanda amembeba, akapanda tena peke yake, tukatoa. Kilo 27! Kabla ya kuugua, mizani ileile ilisoma 19.

Bakuli letu peke yake lisingemfikisha huko, kwa hiyo jioni nikamfuata. Kwa kina mama wanaobangua alimwagiwa chenga za korosho, na zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa korosho ni mafuta. Nyumba ya pili, ukoko wa wali wa nazi. Ya tatu, mchuzi uliojaa vitunguu, na hapo nikashikwa na hofu ya kweli, kwa sababu vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, zilezile zilizoharibiwa na homa ya kupe. Na kila mlango walimpokea kwa upendo: "Pole, mgonjwa."

Nilipomweleza mama mkwe habari ya vitunguu, alimwita Bobi, akampitishia viganja ubavuni kama alivyotuonyesha daktari. Mbavu zinapaswa kuhesabika bila kubonyeza. Alitafuta, hakupata hata mmoja. Akajifunga khanga, akapita nyumba kwa nyumba mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa chakula kinapimwa kwa kikombe cha bati: dagaa waliolowekwa kutoa chumvi, boga na mchicha wa kuchemsha, ugali kidogo. Kumshindisha njaa daktari alikataa kabisa, kwani mbwa mzee hupoteza misuli pamoja na mafuta. Jua likipoa tunatembea naye taratibu hadi Shimo la Mungu, anapumzika ukingoni akinusa upepo wa bonde la Ruvuma, kisha tunarudi.

Mizani imeshuka hadi 22. Oktoba mabibo yataanza kudondoka, nayo anayapenda kuliko nyama, hivyo mama mkwe ameshatangaza kwamba atayaokota yeye kila alfajiri kabla Bobi hajafunguliwa.