Barua kutoka Pune: Mgeni wa Siku Moja na Nusu

Mjomba, Mama Mkubwa na wote mnaokaa barazani pale Ngamiani,

Mimi mzima, isipokuwa masikio. Kila jioni vijana wa mji huu hukusanyika kando ya Mto Mutha kupiga ngoma, na chumba changu kiko usawa wa mto. Ngoma kubwa inaitwa dhol: unaifunga kiunoni, upande mmoja unaupiga kwa kirungu, wa pili kwa kiganja kitupu. Pembeni kuna tasha, vijingoma vya shingoni vinavyochapwa kwa vijiti vyembamba, na vinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Wake kwa waume, wanafunzi kwa makarani wa benki, wote wako huko. Na haya ni mazoezi tu.

Darasani kwetu kuna binti mpole, sauti yake huisikii mpaka usogee. Siku hizi anaingia kwenye kipindi cha takwimu vidole vimefungwa plasta, kalamu haishikiki, na anacheka. Nikamwambia kwetu wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Akanijibu kwamba dhol nyingi za sasa haziwambwi ngozi, zinawambwa plastiki. Basi, wahenga hawakulipigia hesabu hilo.

Kinachongojwa ni Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganpati, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo anayesafiri kwa kupanda panya. Wahindi wa kwetu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, kwa hiyo nyinyi mnaijua Diwali na fataki zake. Hapa Maharashtra Diwali ipo pia, ila mwenye mji ni Ganpati.

Sikukuu yenyewe ni siku ya nne ya mwezi mchanga wa Bhadrapada, na huangukia Agosti au Septemba. Wao nao wanahesabu kwa mwezi, lakini kila baada ya miaka mitatu hivi wanaongeza mwezi mzima ili kalenda isiyakimbie majira. Tarehe imechapishwa ukutani tangu mwaka jana, hakuna wa kubishana kama mwezi umeonekana Lamu au haukuonekana. Tena siku hiyo mwezi hautazamwi kabisa! Inasimuliwa kwamba Ganpati alirudi karamuni tumbo limejaa, panya akashtuka kwa kuona nyoka, mpandaji akaanguka, na mwezi ukacheka. Ukalaaniwa palepale. Tangu hapo anayeutazama usiku ule atasingiziwa wizi. Mimi niliyezoea kupanda juu ya paa kutafuta hilali, nimeagizwa niangalie chini.

Sasa sikilizeni habari ya michango. Nilidhani nimeikimbia huko kwetu. Kila mtaa hapa una chama chake, wanakiita mandal, na kazi yake ni kujenga banda la mianzi na vitambaa katikati ya barabara, kumweka humo Ganpati mkubwa, na kutafuta fedha za hayo yote. Wiki iliyopita vijana watatu waligonga mlango na kitabu cha risiti. Mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima tunamwita Kaku, aliwapokea kwa mashtaka: mwaka jana spika zilielekezwa dirishani kwake, na banda lilifunga njia hadi gari la gesi likashindwa kupita. Walisikiliza kwa adabu, macho chini, kalamu tayari. Alipomaliza akatoa hela. Kisha wote wanne wakanigeukia mimi. Wameniandikia risiti kwa hati yao, na kwa kadiri ninavyoweza kuisoma, aliyechanga ni mtu mwingine kabisa.

Kaku anasema hayo mabanda ya barabarani hayakuwako zamani. Ganpati alikaa nyumbani na hekaluni. Aliyeyapa nguvu ni Lokmanya Tilak, mhariri wa gazeti la Kesari, mwaka 1893. Mwingereza alikuwa anatawala na mikutano ya siasa anaitazama kwa jicho baya, lakini kuwakataza watu ibada yao ni jambo jingine. Basi watu wakakusanyika kwa jina la mungu, na hotuba zikapata pa kupenya. Wapo wanaoshikilia kwamba Bhausaheb Rangari alitangulia, mwaka 1892. Ubishi huo, Mjomba, ungeupenda sana. Mimi nimeshauriwa nisiuguse nikiwa nimekaa na watu wa pande zote mbili.

Siku ya mwisho ya sikukuu sanamu za mandal hupelekwa majini, na msafara wa hapa huchukua zaidi ya saa 24. Ganpati watano wana heshima ya kutangulia katika barabara ya Laxmi, wa kwanza akiwa Kasba Ganpati. Wa tatu ni wa Guruji Talim, na talim ni ukumbi wa mieleka. Wenyeji husimulia kwamba walioanzisha pale walikuwa Wahindu na Waislamu pamoja. Nimeshatafutiwa nafasi ya kusimama, kwenye roshani ya shangazi yake yule binti wa plasta.

Nyumbani mambo ni madogo zaidi. Familia nyingine humkaribisha Ganpati siku tatu, nyingine tano, saba au kumi. Kwa Kaku ni siku moja na nusu, kama walivyofanya wakwe zake. Kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ataaga kabla jembe halijaanza kutafutwa. Sanamu imeshalipiwa, ya udongo. Zile za plasta ya jasi haziyeyuki majini, na Kaku hazitaki. Ganpati atazamishwa kwenye ndoo hapahapa uani, na udongo utamwagwa kwenye chungu cha mrehani.

Na mimi nimepewa cheo. Chakula anachokipenda Ganpati ni modak: unga wa mchele unaosongwa kwa maji ya moto, unakandwa kwa samli, unafinyangwa kikombe, ndani unajazwa nazi, sukari guru na iliki, kisha unapikwa kwa mvuke. Juzi Kaku alitaka kujaribu. Akavuta kutoka chini ya kabati ubao wenye bapa la chuma, na kichwani meno ya duara. Mama Mkubwa, ni mbuzi yule yule, kakatwa miguu tu! Nikaomba nikune. Kaku alicheka, akanipa nazi ambayo hakuwa na haja nayo sana. Nilikuna kama bibi alivyonifunza, unazungusha kifuu taratibu, ukiona weusi unaacha. Kaku alichota nazi iliyokunwa kwa vidole, akaigeuza kwenye mwanga, nyeupe tupu. Akaenda kumwita jirani. Jirani naye akaja na nazi yake.

Kwenye kukunja marinda ya modak niliondolewa mapema. Zinatakiwa 21 za kuwekwa mbele ya mungu, marinda yawe membamba yakutane juu kwenye ncha, na zangu zilikuwa zinakutana popote. Lakini nazi zote za siku hiyo ni zangu.

Mjomba, najua swali lako. Jibu ni kwamba sali ninasali kwetu, na nazi ninakuna kwao.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi, ujumbe wako wa kuomba mchango nimeuona, na ule wa kukumbushia pia. Niandike kwenye ahadi, nitatuma msafara ukishapita. Usinune. Mandal wamesema watapita tena Jumapili kuomba nyongeza ya taa, na wale, tofauti na wewe, wanajua mlango wangu.

Wasalaam,
Mwanenu wa Pune