Namna ya Kurisiti Bila Kuaibika

Sogea hapa kwenye gogo, mdogo wangu, tuongee taratibu. Najua umepata divisheni foo ya pointi 33, moja tu kabla ya ziro. Usiniulize nimejuaje, hapa Nyabusozi matokeo yako yalisomwa kabla hujanunua bando. Sasa umeamua kurisiti. Hongera. Kurisiti ni cheo, na cheo kina namna ya kukikalia.

1. Tafuta wa kulaumiwa, na uanze siku hiyohiyo, kabla chai haijapoa. Mwalimu wako usimtaje, maana mtakutana gulioni. Itaje historia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa takribani 60 katika kila 100 walikuwa wamelamba ziro. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Hiyo ni mali, usiichezee. Wewe umefanya mtihani juzi tu? Haidhuru. Uliza kwa sauti ya chini, "Lakini si mnakumbuka ya 2012?" kisha tikisa kichwa, nyamaza. Mzee yeyote aliyekuwa na mtoto mwaka ule atakuunga mkono, na kahawa atalipa yeye.

2. Ilinde namba yako ya mtihani kama unavyolinda namba ya siri ya pesa za simu. Baraza la Mitihani likiweka matokeo mtandaoni haliandiki majina. Huweka namba, jinsia, pointi, divisheni na herufi za masomo, basi. Ubaya ni kwamba namba hupangwa wasichana kwanza, wavulana baadaye, kwa alfabeti, na watu wa hapa wakitaka kujua ya mtoto wa jirani huhesabu kwa vidole mpaka wafike. (Hesabu hiyohiyo iliyowashinda mtihanini.) Ukirisiti, herufi ya mbele ya namba itahama kutoka S kuwa P. S ni ya shule, P ni ya watahiniwa wa kujitegemea. Mama mkwe mtarajiwa akiuliza, mwambie P ni Profesa.

3. Sajili masomo mengi. Kidato cha tano kinataka C tatu, vyuo vya kati vingi vinataka pasi nne za masomo yasiyo ya dini, kwa hiyo mwenye akili angerudia mawili matatu yaliyopungua akamaliza. Wewe sajili yote saba. Anayeanguka na masomo mawili ni mzembe. Anayeanguka na saba alielemewa na mzigo, na aliyeelemewa hupewa pole na maziwa. Hisabati usiiache. D inaanzia alama 30 tu kati ya 100, na mimi nimezikaribia mara tatu, zote kwa kutokea chini.

Ile D yako ya Baibo Noleji itundike ukutani. Chuoni usiende nayo, ila mchungaji ataifurahia.

4. Onekana unasoma. Nenda Biharamulo mjini ukanunue pasti pepa, uzipitishe kwapani jalada likitazama nje, na urudi nazo kwa miguu kuanzia mbali kidogo. Taa ya sola iache inawaka usiku kucha, wewe ulale. Majirani watasema kijana anapiga msuli, na mama atakuonea huruma. Hapa ndipo penye faida yenyewe. Toka Januari mpaka Novemba hakuna atakayekukabidhi jembe. Mihogo italimwa na wadogo zako, wewe ukiitwa utajibu kwa Kiingereza kimoja tu cha taratibu, "Biology," na mlango ujifunge.

5. Pepa za kuvuja usinunue. Najua unashangaa, lakini nina kovu. Oktoba moja jamaa mmoja wa kwenye simu aliniuzia pepa ya Historia, akaapa kwa mama yake. Nikakesha siku nne nikikariri. Kumbe ilikuwa pasti pepa ya zamani, mwaka umekwanguliwa. Mdogo wangu, nilipata C! Ilibaki kidogo nipelekwe kidato cha tano. Jihadhari sana, kusoma kunaweza kumpata mtu kwa ajali. Na pepa ikiwa ya kweli, Baraza litakufutia matokeo yote, halafu hata ile hoja ya 2012 haitafaa tena.

6. Ukibanwa sana, sema unajiandaa kwenda Marekani. Wale wana mtihani wao wa GRE wa kuombea shahada ya uzamili, na aliyeutunga alikuwa na huruma. Ukianguka unarudia baada ya siku 21, hata mara 5 ndani ya miezi 12, kisha unachagua mwenyewe alama za kupeleka chuoni, zile mbaya zikabaki siri yako. Na alama ya chini kabisa kwenye sehemu ya hesabu ni 130. Hebu fikiria. Umefeli mpaka mwisho wa kufeli na bado unarudi nyumbani na 130! Nani hapa kijijini angebisha? Angechinjwa mbuzi. Sisi mtihani ni Novemba moja kwa mwaka, tena mwezi wa senene.

7. Matokeo yakikaribia, safiri. Panda mchomoko mpaka Benaco au Rusumo, simu uizime, ukae wiki mbili ukisema unafuatilia biashara mpakani. Rudi na sabuni na kiroba cha mchele. Utakuta wanamsema mtoto wa mtu mwingine.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari, na anayechelewa hupigwa faini. Kwa hiyo ukifika Biharamulo kuchukua kontroo namba, niulizie na yangu. Mwaka huu nasajili Hisabati peke yake, na usimwambie mtu.