Vituko Saba vya Wakili Sickles: Msimamo wa Ligi

Daniel Sickles wa New York alikuwa wakili, mbunge, jenerali na balozi. Wasifu kama huo ungetosha kumfanya mtu asahaulike kwa heshima zote. Yeye hakutaka. Nimevipanga vituko vyake bila upendeleo wala bahasha, na mwenye ubishi asogee karibu.

7. Balozi na malkia
Mwaka 1869 alipelekwa Hispania kuwa balozi. Haukupita muda, umbea ukasambaa kwamba yeye na Isabella II, malkia aliyekwisha kupinduliwa na kukimbilia Paris, wana lao jambo. Hukumu: umbea mtamu, ushahidi haba. Abaki mkiani.

6. Mgeni wa mheshimiwa
Alipokuwa mbunge wa jimbo la New York, alimwingiza ukumbini Fanny White, kahaba mashuhuri wa mjini. Waheshimiwa wakampa karipio rasmi. Hukumu: nina swali dogo tu kwa waheshimiwa waliomtambua mgeni upesi hivyo.

5. Pesa za minara
Uzeeni aliongoza tume ya New York ya minara ya kumbukumbu za vita. Mwaka 1912 akaondolewa: dola zipatazo 27,000 hazikuonekana. Mnara wa brigedi yake pale Gettysburg, uwanja wa mapambano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, una nafasi tupu katikati, na inasemekana ndipo ingekaa sanamu yake. Hukumu: ukiona mnara una pengo, muulize mhasibu.

4. Kuhama bila ruhusa
Gettysburg, Julai 2, 1863. Jenerali Meade, mkuu wa jeshi lake, amempangia pa kukaa. Sickles anatupa jicho mbele, anaona shamba la mipichi kwenye mwinuko, analipenda, anahamia huko na maelfu ya askari bila kibali. Kikosi kikachakazwa, na tufe la mzinga likamvunja mguu wa kulia (huo mguu uweke akilini). Wanahistoria mpaka leo wanagombana: alivuruga au aliokoa? Mwaka 1897 akapewa Medali ya Heshima. Hukumu: jaribu wewe kuhama kituo cha kazi namna hiyo.

3. Mauaji
Ndiyo, mauaji ni ya tatu. Punguza jazba, soma kwanza.
Februari 27, 1859, mchana kweupe, jirani kabisa na Ikulu ya Washington, Sickles akiwa mbunge wa taifa alimmiminia risasi Philip Barton Key. Huyu Key alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali katika mji huo, na baba yake ndiye aliyetunga maneno ambayo baadaye yakawa wimbo wa taifa wa Marekani. Pia alikuwa mchepuko wa Teresa, mke wa Sickles, na alikuwa na mtindo wa kupunga leso nje ya nyumba ya watu. Leso, mchana, mkabala na Ikulu! Mawakili wa utetezi, akiwemo Edwin Stanton aliyekuja kuwa waziri wa vita wa Rais Lincoln, wakadai mteja wao alipatwa na wazimu wa muda. Utetezi huo ulikuwa haujawahi kufua dafu Marekani. Safari hiyo ukafua, akaachiwa huru. Hukumu: wazimu uliofika kwa wakati, ukamaliza kazi, ukaondoka kabla ya kesi.

2. Kumsamehe mkewe
Hapa ndipo mtakaponitukana. Watu walewale walioshangilia bastola walimgeuka aliporudiana na Teresa. Magazeti yakamchambua, wabunge wenzake wakamkwepa. Kuua wamekuelewa, kusamehe hawakuelewi! Na usisahau kwamba msamehevu ndiye yule wa namba 6. Hukumu: jambo la kiungwana kuliko yote aliyofanya, na ndilo lililomchafua zaidi.

1. Mguu
Ulipokatwa, hakuuzika. Aliupeleka kwenye makumbusho ya tiba ya jeshi, Washington, ndani ya kisanduku mfano wa jeneza, pamoja na kadi ya salamu zake. Kisha kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kukatwa kwake, akawa anakwenda kuutazama. Mwenyewe alifariki mwaka 1914 akazikwa Arlington. Mifupa ya mguu bado inaonyeshwa makumbusho, sasa huko Maryland. Hukumu: sisi wengine tunatembelea miguu, yeye aliutembelea.